Aliyeanza Kukohoa

Siku ya tatu baada ya kumzika baba yangu, ndugu zake walikaa chini kugawana vitu vyake, na kisu chake hakikuonekana. Kigoda kilikuwepo, fimbo zake mbili zilikuwepo, hata kile kibati cha tumbaku kilichobonyea upande kilikuwepo. Kisu hakuna. Ni kisu cha duara kinachovaliwa kwenye kifundo cha mkono kama bangili, makali yakiwa upande wa nje, yamefunikwa kwa ukanda wa ngozi. Waturkana tunakiita abarait, na mzee wa kwetu asiye nacho ni kama mtu aliyetoka nyumbani bila nguo. Wakanong'onezana kwamba kimeibwa. Baba mdogo mmoja akasema hakumbuki hata mara ya mwisho alipokiona mkononi mwa marehemu. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, kisu kikiwa ndani ya mkoba wangu kimefungwa kwa kitambaa.

Mama alikuwa amekaa peke yake nyuma ya nyumba. Kwetu, watu wa nyumbani huweka tumbaku kidogo juu ya kaburi la mzee, wakazungumza naye ili atulie huko aliko, na mke ndiye anayetazamiwa kuanza. Walimpelekea kibati. Akakisukuma kwa mguu.

"Waambieni mbuzi wake wampelekee," alisema. "Si hao aliowapenda?"

Watu wakaangalia pembeni. Walikuwa wamezoea. Mama amemwita baba yangu "yule mtu wa mbuzi" tangu nikiwa na miaka minane, na sababu yake anaijua kila mtu wa Kakuma anayetujua. Ila sababu hiyo si ya kweli, na mtu wa pekee aliyebaki duniani anayejua hivyo ni mimi.

Jioni ile nilikifungua kisu nikakinusa. Ni ujinga, chuma hakiwezi kushika harufu miaka yote hiyo. Lakini ule ukanda wa ngozi bado unanuka damu na mafuta ya mbuzi, na mara nikawa nimeshika miguu ya mbuzi tena, nikiwa na vumbi mdomoni na jua la Kakuma mgongoni.

Ulikuwa mwaka ambao watu wazima hawakuwa na jambo jingine la kuzungumza ila mafuta yaliyopatikana ardhini kule kusini, na jinsi sote tungekuwa matajiri. Mpaka leo nasubiri. Tuliishi ng'ambo ya laga ya Tarach, mto unaopata maji wakati wa mvua tu, na kambi ya wakimbizi haikuwa mbali. Mama aliondoka kila asubuhi na mzigo wa kuni kichwani kwenda kuuza kambini, akarudi jua likizama. Mimi nilibaki na wana-mbuzi waliokuwa wadogo mno kwenda malishoni, na ndugu yangu Ekai, wa miaka mitatu, aliyekuwa mdogo mno kwa kila kitu. Ekai alikula mchanga. Alizungumza na mbuzi siku nzima, na alipochoka alishika shanga zangu za shingoni kwa mkono mmoja akalala amesimama. Nilimpenda kwa hasira, kama ninavyopenda watu mpaka leo.

Kabla kikohozi hakijawafikia watu kiliwapitia mbuzi. Ni ugonjwa wa mapafu tunaouita loukoi, na mbuzi mmoja akiingia nao zizini, usipowahi, baada ya mwezi unabaki na ngozi. Baba hakwenda shule hata siku moja, lakini ugonjwa ule aliujua vizuri kuliko mtu yeyote wa upande wetu, na alikuwa na njia yake ya kuutafuta. Aliwatoa mbuzi wote asubuhi, akawakimbiza ghafla kwa fimbo na mayowe mpaka kwenye kichuguu kikubwa, halafu akasimama amefumba macho, anasikiliza. Mbuzi mzima anahema tu. Mgonjwa, akikimbizwa, lazima akohoe. Siku ile alikohoa mmoja, jike mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji. Baba alifumbua macho, akaenda kwake moja kwa moja, akamkamata mguu wa nyuma.

Alimlaza chini, akavua ule ukanda kwenye kisu chake, akampitishia shingoni. Kisha akampasua kifua. Pafu la upande mmoja lilikuwa limevimba na kugeuka manjano, limeng'ang'ania mbavu, na maji machafu yalimwagika mpaka kwenye vidole vya miguu yangu. Baba alikata kipande cha pafu lile akakikamulia kwenye kibuyu. Mbuzi wote waliobaki, mmoja baada ya mwingine, aliwachanja juu ya pua kwa kisu kile kile na kupaka maji ya pafu kwenye jeraha. Kazi yangu ilikuwa kushika miguu. Walilia wote pamoja, damu ikawashuka midomoni, na wengine walinipiga mateke ya tumbo mpaka nikatapika. Ndiyo chanjo ya wazee wetu, na inafanya kazi, ingawa mbuzi mmoja au wawili huvimba uso na kufa kwa dawa yenyewe. Siku ya nne kalikufa kale kambuzi kadogo nilikokuwa nimepewa kawe kangu, macho yamevimba hata hakaoni ziwa la mama yake.

Nililia nikagoma kula. Baba aliniita, akaniketisha karibu naye.

"Nakiru, sikiliza," alisema. "Aliyeanza kukohoa ndiye anayetolewa. Pafu lake linawaokoa wenzake. Ukimwonea huruma yeye, wote wanaisha."

Alikuwa akinifundisha ufugaji. Mimi sikusikia popote aliposema kwamba maneno yale ni ya mbuzi peke yao.

Baada ya hapo mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, laga ikajaa maji mekundu, Baba akahamisha mbuzi kufuata majani upande wa Kaaleng. Watu nao wakaanza kukohoa. Kambini walikuwa wamefika wageni wengi, wamelala wamebanana, na Mama alirudi akisema kila nyumba anayouzia kuni kuna mtu anapiga chafya. Ikafika kwa jirani zetu. Watu wazima walipangusa pua wakasema ni mafua tu. Mafua tu! Mtu akilitamka neno hilo mbele yangu leo, mkono unaniwasha. Mafua tu ndiyo yaliyomshukia kifuani bibi kipofu aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, tukamzika ndani ya wiki. Mafua tu ndiyo yaliyowafanya akina mama wapange foleni zahanati kabla jua halijatoka, watoto wamewafunga mgongoni, na wengine warudi mgongo mtupu, kitenge kimekunjwa mkononi.

Nyumbani kwetu aliyeanza kukohoa alikuwa Ekai.

Siku ya kwanza nilimpa maji, nikamwambia asikohoe tena. Siku ya pili nilimziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza, Ekai. Apa akirudi akikusikia, atakutoa." Apa ndivyo tulivyomwita baba. Ekai alidhani ni mchezo, akacheka ndani ya kiganja changu, na kicheko kikageuka kikohozi.

Siku ya tatu nilimpiga. Ninaliandika hili wazi kwa sababu nimelizunguka maisha yangu yote. Kila alipokohoa nilimfinya paja, na akirudia nilimpiga kofi la mdomo, mpaka akajifunza kugeuka pembeni, midomo imebanwa, mabega yanaruka, macho yananitazama mimi kuona kama nimesikia. Mtoto wa miaka mitatu. Nilikuwa naokoa maisha yake na nilijiona jasiri. Mama aliporudi jioni nilimwambia Ekai ameshalala kwenye kibanda cha wana-mbuzi, nami nalala naye huko.

"Nani anakohoa?" Mama aliuliza kutoka ndani.

"Ni mimi, Mama. Nimemeza vumbi."

Asubuhi alimgusa Ekai paji, akasema ana joto, akampaka mafuta kifuani akaondoka na kuni zake. Watoto wote wa Kakuma walikuwa na joto wiki ile, na bila kuni hatukuwa na unga. Simlaumu. Mtu aliyechoka namna ile husikia anachoambiwa.

Siku ya sita Baba alirudi mchana, peke yake, mbuzi amewaacha na binamu yake. Alisimama mbali, karibu na kile kichuguu, akainua pakiti ya biskuti juu.

"Kimbieni!" aliita. "Kimbieni nione nani atafika kwanza!"

Ndivyo alivyowakimbiza mbuzi. Nilimshika Ekai mkono nikamwambia akae. Lakini ilikuwa biskuti, na ilikuwa Apa, na Ekai akanichomoka akakimbia kwa miguu yake ile inayopishana. Hakufika nusu ya njia. Kikohozi kilimwangusha kwa magoti, kikamkunja, kikamtoa povu puani. Baba aliitupa pakiti. Alipomfikia na kumwinua, nikaona mkono wenye kisu ukipita chini ya shingo ya ndugu yangu, nikapiga kelele ambayo sijawahi kuipiga tena.

"Tangu lini?" Baba aliniuliza.

"Leo," nilisema.

Hakuuliza zaidi. Alimpakata, akavuka laga akikimbia, nami nyuma yake nikilia, mpaka zahanati moja ndogo upande wa kambini. Palikuwa na watu hata nje kwenye jua. Wanawake wa Kisomali, wa Kikongo, wa kwetu, wote wameketi chini, na mapajani mwao vifua vidogo vinapanda na kushuka. Muuguzi alikuwa mwanamke wa kutoka Kisii, tulimwita Sista Moraa. Alitazama mara moja tu akatuita mbele ya foleni. Kiswahili cha Baba kilikuwa cha sokoni. Changu kilikuwa salamu na kuhesabu mpaka kumi. Waliyosemezana pale nilikuja kuyaelewa miaka mingi baadaye, Baba aliponisimulia mara moja na asirudie.

"Daktari, mtoto yangu iko mbaya. Pumzi inakataa."

"Ameanza kukohoa lini, mzee?"

"Leo."

"Leo?" Sista Moraa alimfunua Ekai shati. Chini ya mbavu nyama ilikuwa inazama shimo kila akivuta pumzi. "Mzee, usinidanganye. Hii si kifua ya leo."

Baba akageuka akanitazama. Sikujua amesema nini, lakini mtazamo ule niliujua. Ndivyo alivyomtazama yule jike mweusi baada ya kufumbua macho.

Halafu Sista akachukua kijiti kirefu chembamba chenye pamba nchani, akamwambia Baba amshike Ekai kichwa, akakiingiza puani. Kiliingia, kikaingia, sikuamini pua ya mtoto ina nafasi ya namna ile. Ekai alipiga mayowe. Kijiti kilitoka na kamasi na tone la damu, Sista akakivunjia kwenye kichupa, kichupa akakiweka kwenye sanduku lenye barafu. Wakati ule ilikuwa kazi yake kuchukua kamasi za watoto wa vifua, zipelekwe Nairobi, ijulikane ni homa gani inayowamaliza. Siku hizi naelewa. Siku ile nilichoona ni kwamba alimaliza kwa Ekai, akashika kijiti kingine, akamwinamia mtoto wa Kisomali aliyekuwa pembeni na kuelekeza kijiti puani mwake. Na foleni nzima ya watoto ilikuwa inangoja, pua zao tayari.

Kwa hiyo ilikuwa kweli. Walikuwa wameshamchagua aliyeanza.

Nilimrukia Sista Moraa. Nilimuuma mkono, juu kidogo ya kifundo, na sikuachia. Nakumbuka ladha: chumvi, spiriti, kisha damu. Alipiga kelele akanivuta nywele, mimi nikalipiga teke lile sanduku, vichupa vikatawanyika sakafuni na barafu ikateleza mpaka miguuni mwa watu. Askari wa langoni aliingia. Alinikamata kwa shanga za shingo, zikakatika zikamwagika zote, akanizaba kofi lililonizungusha. Baba hakujua mimi nimepandwa na nini. Alichoona ni mwanamume mgeni anampiga binti yake. Fimbo yake ilitua kichwani mwa askari mara mbili, na ule mlio wa mti kwenye mfupa bado ninao masikioni. Filimbi ikalia. Wakaja wengine wawili, mabenchi yakapinduka, akina mama wakakimbilia mlangoni na watoto wao, Baba akawa chini, mabuti yanamtwanga mbavu.

Ekai alikuwa juu ya meza, ameachwa. Nikambeba nikatoka kwa dirisha la nyuma.

Nilikimbilia laga, kwenye vichaka vya mathenge ambako miiba ni mingi na mtu mzima haingii. Nilimlaza kwenye mchanga wenye unyevu nikamfunika kwa mwili wangu. Tuliwasikia wakituita, wakapita, wakarudi. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa kichaka mpaka upande wa pili. Ekai alinitazama. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, nikadhani ni kivuli. Na hakukohoa. Watu walipita hatua chache kutoka kwetu naye hakukohoa hata mara moja.

"Vizuri, Ekai," nilimnong'oneza. "Umejifunza. Vizuri sana."

Nilimsifu. Mtoto alikuwa hana tena nguvu za kukohoa, na mimi nikamsifu.

Aliyetuona ni Baba, ameachiliwa atutafute, jicho moja limefumba kwa kipigo. Nyuma yake alikuwepo Sista Moraa, mkono umefungwa bandeji. Waliingia kwenye miiba wote wawili, wakatoka nguo zimechanika. Gari la wagonjwa likaitwa twende hospitali kubwa ya Lodwar. Barabara ile miaka ile ilikuwa mashimo matupu. Kila gari liliporuka kichwa cha Ekai kiliruka, na kila kiliporuka Sista alikidaka na kurudisha barakoa ya oksijeni puani mwake. Alifanya hivyo njia nzima, kwa mkono ule niliouuma, bandeji ikizidi kuwa nyekundu. Mara moja tu alinisogezea chupa ya maji.

Tulipokuwa tumeacha Kakuma nyuma kabisa, Baba aliniuliza taratibu, kwa Kiturkana, kwa nini.

"Usimchinje, Apa," nilisema. "Nitakohoa mimi. Sema ni mimi niliyeanza."

Alinitazama muda mrefu kwa jicho lile moja. Nikamwona anaelewa, kipande kwa kipande: kibuyu, pua za mbuzi, biskuti, "leo". Uso wake ulikunjamana nikadhani atanipiga. Badala yake alikivua kisu mkononi. Alikuwa nacho tangu ujana, ngozi chini yake ilikuwa imebaki na alama nyeupe ya duara. Akaniwekea mapajani.

"Shika wewe," alisema. "Sasa sina kitu cha kumkatia mtu."

Ekai alikufa Lodwar asubuhi iliyofuata, jua likiwa limeshapanda. Wodi ilijaa watoto wa aina yake, na daktari aliyetoka kwake alienda moja kwa moja kwa mwingine, viatu vyake vikilia haraka haraka sakafuni. Kabla ya hapo alikuwa amemwambia Baba kwamba yalianza kama mafua, yakashuka mapafuni, na kwamba kifua kile kilikuwa cha siku tano au sita. Siku za mwanzo angekuwa na nafasi nzuri. Baba alitikisa kichwa kukubali kila neno.

Mama alifika mchana na lori la mizigo lililokuwa limetoka Lokichoggio. Alimkuta Baba amesimama nje ya lango, mimi nimejibanza nyuma yake. Aliona mikono yetu mitupu akajua. Swali lake lilikuwa lile lile la watu wote.

"Tangu lini?"

Nilifungua mdomo. Baba akaniwahi.

"Tangu kabla sijaenda Kaaleng," alisema. "Nilimsikia anakohoa. Nilimwambia Nakiru asikusumbue, ni mafua tu. Nilikuwa na mbuzi."

Mama alimpiga. Alianza kwa ngumi, akaendelea kwa kiatu, kisha akaokota jiwe. Mtu yule yule aliyempasua askari kichwa jana yake alisimama mikono imening'inia, jiwe likampasua juu ya nyusi, damu ikamwingia jichoni, na hakuinua hata kidole kuipangusa. Watu waliokuwa langoni ndio waliomvuta Mama. Tuliporudi Kakuma wakaja wajomba zangu. Walimpiga kwa fimbo mbele ya zizi lake, mbele ya mbuzi wake wote wazima, na baada ya hapo siku mbili hakuweza kusimama. Nilimpelekea maji. Nikamwambia nakwenda kumwambia Mama ukweli.

"Mama yako amepoteza mtoto mmoja," alisema. "Akijua, atapoteza wawili."

Nikanyamaza. Nilikuwa mtoto, na baadaye sikuwa mtoto na bado nilinyamaza, kwa sababu kunyamaza kulikuwa na faida kwangu. Mama alinipikia, alinisuka, alinitetea kwa kila mtu. Baba alikula peke yake upande wa pili wa boma. Hakuvaa tena kisu, na walipomwuliza alisema amekiweka mahali. Sasa naishi Lodwar, nauza nguo sokoni, na wenzangu wananiita Daktari wa Kelele, maana mwanamke akipita na mtoto anayekohoa mgongoni namsimamisha nimuulize tangu lini, na akinijibu ni mafua tu namfokea mbele za watu mpaka aende hospitali. Wengine wamenitukana. Mmoja alinipiga. Baba mwenyewe mafua yalipomkamata, uzeeni, nilimkimbiza hospitali siku ile ile ya kwanza. Hatukuchelewa hata saa moja, na bado kifua kilimshinda. Alikufa amenishika mkono, na kwenye kifundo chake ile alama ya duara ilikuwa haijafutika.

Basi jioni ile, nyuma ya nyumba, nilikwenda kwa Mama. Nilikaa chini mbele yake, nikafungua kitambaa, nikaweka kisu kwenye mchanga. Alikitambua mara moja. Nikamwambia yote, kuanzia jike mweusi. Nilimwambia kuhusu vumbi nililosema nimemeza. Nilimwambia kuhusu makofi. Nilimwambia hata kuhusu kichaka, na jinsi nilivyomsifu Ekai.

Nilipomaliza Mama aliuliza kitu kimoja.

"Na yeye alijua?"

"Alijua. Tangu kwenye gari, kabla hatujafika Lodwar."

Alisimama, polepole, kwa magoti yake mabovu. Halafu akanipiga kofi la mdomo, kwa nguvu zote za mwanamke aliyebeba kuni maisha yake yote, mahali pale pale nilipokuwa nikimpiga mwanawe. Watu waligeuka. Sikuinua mkono.

Akainama akaokota kisu. Akapita katikati ya ndugu za baba yangu, akachukua kile kibati alichokisukuma kwa mguu, akaenda nacho mpaka kwenye mawe ya kaburi, akapiga magoti. Nilimsikia akimwita Lomuria, jina la baba yangu, ambalo hakuwa amelitamka tangu Lodwar. Alimwita mara nyingi, kama mtu anayebisha mlango uliofungwa. Kisha akamwaga tumbaku yote, na ile iliyoganda kwenye kona za kibati akaikwangua kwa makali ya kisu mpaka ikaisha.